Joto Lizuiwe Paani: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Nyumba wa Tanga

Hotuba hii niliitoa Tanga mjini mbele ya mafundi wa paa, wenye nyumba na wajumbe wa kamati za shule. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wale waliozuiwa na msiba siku ile. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, kwani maneno yanatosha.

Wazee wangu, shikamooni. Wajumbe wa kamati za shule, mafundi wenzangu, mama zangu na ndugu zangu nyote, asalaam aleykum na habari za asubuhi.

Ninaomba nianze kwa swali. Ni nani kati yetu aliyewahi kubandua ubavu wa friji bovu? Ninaiona mikono ya mafundi friji, na ninauona mkono wa bibi mmoja kule nyuma, ambaye nadhani friji lake amekwisha kuligeuza kabati la vyombo. Basi mlichokikuta kati ya bati la nje na plastiki ya ndani ni povu gumu la rangi ya manjano, jepesi kama mkate uliokauka, lililoshikamana na bati kiasi kwamba kulitoa lazima ulikwangue kwa kisu. Povu hilo linaitwa poliurethani, na ndilo lililonileta mbele yenu leo. Halikuingia Tanga jana. Limo majumbani mwetu miaka mingi, likilinda baridi ya samaki na ya maziwa. Ninachouliza ni hiki: kitu tulichokubali kimlinde samaki asiharibike, mbona hatujakifikiria kwa ajili ya mtoto aliyelala chini ya bati saa nane za mchana?

Nitawaeleza kwanza habari ya joto lenyewe, kwa sababu fundi asiyejua joto linapitia wapi atauza dawa asiyoujua ugonjwa wake.

Babu yangu alikuwa na nyumba ya makuti Pangani. Ilikuwa na giza, ilikuwa na panya, na kila baada ya miaka michache ilibidi makuti mapya yasukwe na paa liezekwe upya. Baba yangu alipopata fedha aliivua makuti akaiezeka mabati, na siku bati la mwisho lilipopigiliwa msumari tulichinja mbuzi. Kwa wiki nzima bibi yangu aliisifu nyumba ile. Wiki ya pili, adhuhuri moja, tulimwona akitoka na mkeka wake bila kusema neno, akautandika chini ya mwembe, na tangu siku hiyo hadi alipofariki hakuwahi tena kulala mchana ndani ya nyumba. Sisi tulidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Bibi alikuwa amepima kwa mwili wake jambo ambalo mimi nilikuja kulisoma kwenye vitabu miaka 20 baadaye.

Alipima nini? Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi mingine pia halitupi kisogo. Kwetu sisi ukuta si adui mkubwa. Paa ndilo linalopigwa. Jua la saa sita lisilo na wingu humwaga takribani wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba inayolielekea. Chukueni nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ambayo si jumba la kifahari, ni nyumba ya vyumba vitatu na kibaraza. Paa hilo linapokea wati 100,000, sawasawa na pasi za umeme 100 zilizowashwa zote kwa pamoja juu ya vichwa vya waliomo. Nguvu hiyo haiingii ndani yote, kwa kuwa nyingine hurudi angani na nyingine huchukuliwa na upepo, lakini bati ambalo unene wake haufiki nusu milimita halina la kufanya na ile inayobaki. Linapata moto hadi kupita nyuzi 60, kisha linaushusha chini.

Na moto huo haushuki kama upepo, unashuka kama joto la jiko la mkaa. Ukikaa mbele ya jiko, uso unaungua hata kama hewa ya jikoni ni ya kawaida, sivyo? Bati hufanya hivyo hivyo, isipokuwa kwamba jiko hili liko juu yako na lina ukubwa wa nyumba nzima. Ndiyo maana mtu anawasha feni, feni inazunguka, na kichwa bado kinauma. Feni inasukuma hewa. Haisukumi mwako wa bati. Makuti ya babu hayakuwa na mwako huo kwa sababu kati ya kuti na kuti kulikuwa na hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni mojawapo ya vizuizi bora vya joto tulivyopewa. Tulipovua makuti tuliondoa panya, tukaondoa na ile hewa.

Sasa tulijie povu. Povu hili ni hila ya kuirudisha ile hewa iliyotulia, au gesi inayoishinda hewa kwa kuzuia joto, ndani ya vijitundu visivyoonekana vizuri kwa macho. Kemia yake ilianzia Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, kwa mtaalamu aliyeitwa Otto Bayer. Inasimuliwa kwamba majaribio ya mwanzo yalipotoka yamejaa mapovu, wenzake walimcheka wakasema labda yatafaa kuigizia jibini lenye matundu. Walichokiona kasoro ndicho kilichokuja kuwa faida.

Kwenye eneo la ujenzi kazi yenyewe iko hivi. Kuna mapipa mawili. Moja lina kemikali iitwayo isosayaneti, la pili lina nyingine iitwayo polioli, iliyochanganywa na dawa nyingine. Mashine huvuta kutoka kila pipa kwa kipimo sawa, huvipasha moto vimiminika na kuvisukuma kwa shinikizo kubwa kupitia mabomba mawili yasiyokutana mpaka kwenye bastola iliyo mkononi mwa fundi. Vikikutana humo vinatoka kama ukungu, vinatua juu ya bati, na kabla hujahesabu hadi kumi vimevimba na kuanza kukauka. Povu la vijitundu vilivyofungwa, ambalo ndilo la paa, huvimba mara 30 hivi ya ujazo wake na kuwa gumu, na mita moja ya ujazo ya povu la aina hii chini ya bati ina uzito wa kilo 30 na kidogo. Lipo pia la vijitundu vilivyo wazi, laini kama sifongo, ambalo huvimba mara 100 au zaidi. Ni la bei nafuu, lakini linanyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani mimi silipendekezi chini ya bati.

Uwezo wake ni upi? Sentimita 5 za povu lililofungwa, yaani unene wa vidole vitatu vilivyolala pamoja, huzuia joto kiasi ambacho zege haliwezi kukizuia mpaka uwe umemwaga unene wa takribani mita 3. Narudia kwa ajili ya walioko mlangoni: vidole vitatu vya povu, mita tatu za zege. Na kwa kuwa linapulizwa likiwa kimiminika, linaingia kwenye mikunjo ya bati, linazunguka papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, linaziba matundu ya misumari na ule uwazi wa chini ya kofia ya paa ambao vibao na magodoro ya pamba ya kioo havifiki. Hapo ndipo linapowazidi wenzake wote.

Mimi niliijifunza kazi hii Muscat, ambako nilikaa miaka sita nikipulizia povu juu ya slebu, yaani mapaa bapa ya zege. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake, sina budi kukiri, kilikuwa safi kuliko changu. Siku ya kwanza hakunipa bastola. Alisubiri mpaka saa mbili usiku, akanichukua kwenye nyumba mbili zilizopakana, moja imekwisha kupuliziwa na nyingine bado, akanisimamisha juu ya benchi na kuniambia niweke kiganja kwenye dari. Kwenye nyumba iliyopuliziwa niligusa zege, basi. Kwenye ile nyingine niliuondoa mkono haraka, maana slebu ilikuwa imekunywa jua tangu asubuhi na sasa ilikuwa inalitapika chumbani, saa mbili baada ya magharibi. Mzee akaniambia, "Huko nje jua limezama. Humu bado."

Ninyi wenye maghorofa ya slebu tupu, ambao viyoyozi vyenu vinanguruma hadi usiku wa manane na LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha kabla ya mwezi, mnamwelewa mzee huyu kuliko ninavyoweza kueleza.

Je, fedha inarudi? Chuo Kikuu cha Texas A&M kule Marekani kilianza kupulizia mapaa yake povu tangu miaka ya 1970, na kilipofuatilia matumizi ya nishati ya majengo yake kiliona gharama imerudi kwa wastani wa miaka minne na nusu. Wauzaji wanaupenda mfano huo, na mimi nimeutaja kwa sababu ni wa kweli. Lakini majengo yale yalikuwa yakipozwa kwa mashine kubwa mwaka mzima. Mwenye nyumba ambaye ana feni moja na taa nne asidanganywe kwamba LUKU itamrudishia fedha yake. Yeye atakachokinunua ni usingizi wa mchana na mwili usiochoka, na ni haki yake kuvinunua akijua kwamba ndivyo anavyovinunua. Kwa mwenye chumba cha baridi cha samaki pale ufukweni, au mwenye kituo cha kukusanyia maziwa, hesabu ni nyingine kabisa, na huyo ningemshauri asilale kabla hajaifanya.

Jambo moja zaidi kuhusu joto, ambalo wauzaji hulisahau. Bati tupu huwaka mchana lakini usiku hupoa upesi. Paa lenye povu halifanyi hivyo: ukiacha madirisha yaruhusu jua kupiga ndani mchana kutwa, matofali yatapata joto, na usiku paa halitakusaidia kulitoa. Kwa hiyo kivuli cha madirisha na upepo wa usiku bado ni kazi yako.

Ndugu zangu wa kamati za shule, sikuwasahau. Masika moja niliketi nyuma ya darasa la shule ya msingi huko Muheza. Mwalimu alikuwa akifundisha sehemu, theluthi na robo, na darasa lilikuwa limemwelewa vizuri. Mvua ikashuka. Mwalimu alipaza sauti, akapaza tena, kisha akaweka chaki chini, akaketi, na watoto 70 wakalaza vichwa juu ya madawati kama waliokwisha kuzoea. Nilitazama saa: dakika 35. Hakuna mtu aliyelalamika, kwa sababu nani atailalamikia mvua? Lakini si mvua iliyosimamisha somo, ni ngoma iliyowambwa juu ya darasa. Bati hulia kwa sababu linatetemeka, na bati lililogandamana na povu haliwezi kutetemeka kwa namna ile. Kelele haziishi, ila zinashuka hadi mwalimu akasikika. Kwa wale wa Lushoto, ambao baridi ya Juni huwafanya wenzetu wa pwani wawacheke kwa makoti, povu huzuia pia lile jasho la bati linalodondokea vitanda na madaftari alfajiri, kwa kuwa mvuke wa chumbani haulifikii tena bati baridi.

Kuhusu upepo nitapita upesi. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, wataalamu wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, walikagua mapaa mengi na kuandika mwaka uliofuata kwamba yale ya povu la kupulizia waliyoyaona, isipokuwa moja, yalistahimili vizuri sana. Ni habari njema, lakini msinielewe vibaya. Kama kenchi yako, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, haikufungwa ukutani, upepo utaondoka na bati, na povu, na kenchi yenyewe.

Sasa ninaomba utulivu, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko wenu.

Kule kazini nilikuwa na kijana mwenzangu, hodari, mcheshi, mwepesi wa kupanda ngazi. Tulipewa vinyago vinavyoletewa hewa safi kwa bomba, lakini kwenye joto lile kinyago ni adhabu, na kampuni iliyotuajiri haikuwa na mtu wa kutusimamia kila saa. Akawa anakivua kwa dakika chache, kisha kwa saa nzima. Mwaka wa pili alianza kukohoa jioni. Mwaka wa tatu akawa hawezi kukaribia hata pipa lililofungwa bila kifua kumbana, na daktari akamwambia mwili wake umekwisha kuikataa isosayaneti, na kwamba mwili ukishaikataa haurudi nyuma. Leo anauza matunda. Mafundi wenzangu, kitambaa cha puani si kinyago. Barakoa ya karatasi si kinyago. Na wewe mwenye nyumba, siku ya kupulizia toa watu wote, toa kuku, toa paka, na usirudi ndani mpaka ipite siku nzima, saa 24, madirisha yakiwa wazi.

La pili ni moto. Povu hili linaungua, na moshi wake una sumu inayoua kabla ya ndimi za moto kufika. Kwa hiyo povu lililo ndani ya chumba cha watu haliachwi wazi. Linafunikwa kwa dari la jipsamu, au kwa plasta, au kwa rangi maalumu ya kuzuia moto iliyopimwa. Msimruhusu kabisa fundi wa kuchomelea aguse bati ambalo lina povu upande wa pili. Anayesema, "Nitachomelea kidogo tu," mwondoeni kwenye ngazi kwa upole. Hata katika kupulizia kwenyewe, fundi mwenye pupa anayetaka kumaliza unene wote kwa mkupuo mmoja atapata povu lililojiunguza kwa ndani, kwa sababu mapipa yale yakikutana huzaa joto lao wenyewe. Tabaka hupulizwa moja, linapoa, ndipo linafuata jingine.

La tatu ni jua lenyewe. Povu lililo juu ya slebu likiachwa tupu hugeuka kahawia, likaanza kumomonyoka kama udongo. Ni lazima lipakwe utando wa akriliki au silikoni mara tu baada ya kupuliziwa, na utando huo utapakwa upya, aghalabu baada ya miaka 10 hadi 15. Anayewauzia povu la juu ya slebu bila utando anawauzia nusu ya kazi.

La nne ni mbao. Povu linaficha. Kenchi inayooza, papi lililoingiwa na mchwa, bati linalovuja kidogo kidogo: vyote vitafichika, na vitaonekana siku vimeshindwa. Uingereza mambo haya yamewafika; watu walipulizia povu chini ya vigae kwenye mbao kuukuu, na leo baadhi ya benki zinakataa kukopesha fedha za kununua nyumba za namna hiyo kwa kuwa mkaguzi hawezi kuziona mbao. Mchwa hawali povu, lakini hulitoboa na kupita humo bila kuonekana. Basi kagua kwanza, badilisha mbao mbovu kwanza, tia dawa kwanza, na kamwe usilishushe povu ukutani mpaka likagusa ardhi.

Na muulizeni muuzaji gesi iliyomo. Gesi za zamani za kuvimbishia povu ziliharibu tabaka la ozoni, zikadhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Baadhi ya zilizofuata hazikuidhuru ozoni, ila kilo moja yake hupasha dunia joto mara mamia kuliko kilo ya hewa ya ukaa, na ndizo zinazopunguzwa na Marekebisho ya Kigali ya 2016. Zipo zilizo bora kuliko hizo, na lipo povu linalovimbishwa kwa maji tu. Kuna watakaowaletea mapipa yaliyokataliwa kwingine. Someni karatasi za pipa kabla halijafunguliwa.

Baada ya yote haya kuna mtu ataniuliza, "Mwanangu, mimi sina fedha hizo." Mzee wangu, nakuelewa, na sitakuuzia. Anza na rangi nyeupe juu ya bati, ambayo hulirudisha jua kabla halijaingia. Fuatisha dari na matundu ya hewa chini ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Panda mti upande wa magharibi. Ukivifanya hivyo na bado mtoto halali, hapo tuonane, tuanze na chumba kimoja. Kamati ya shule nayo si lazima ipulizie shule nzima. Ianze na darasa ambalo walimu hulikimbia.

Sasa tutoke nje. Mliona wakati mnaingia kwamba uani kuna vibanda viwili vya mabati, vimekaa juani tangu saa mbili asubuhi, milango imefungwa. Viko sawa kwa bati, kwa kimo na kwa rangi, isipokuwa kile chenye kitambaa chekundu kimepuliziwa sentimita 5 wiki mbili zilizopita na kufunikwa jipsamu. Kila mmoja aingie katika vyote viwili, anyanyue kiganja karibu na paa, akae hadi ahesabu mia. Kijana wetu amesimama pale na debe la mahindi. Atayamwaga juu ya kila bati mkiwa ndani, muisikie mvua. Wazee watangulie, na bibi mwenye kabati la friji aingie wa kwanza.